Jinsi Nilivyoizuia Cherehani ya Ayeyo

Nina cherehani nne za mkono, na humu ndani tunaishi watu wawili. Mume wangu, mtu mpole anayeuza matairi hapa Isiolo mjini, husema siku akipotea watu wasihangaike kumtafuta mbali. Wafunue tu vifuniko vya cherehani, huenda nimemhifadhi humo na kumpaka mafuta. Mwanamume anayetunza matairi makuukuu nyuma ya nyumba hana mdomo wa kunisema.

Mimi ni mtu wa nyumbani, sifichi. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne wamefika Nairobi, wamefika Dubai, mmoja nasikia yuko Kanada anakula theluji. Mimi nimefika Burat. Na hata huko nilienda juzi kwa sababu tu niliambiwa kuna mama ana cherehani ya zamani, ile ndogo ya kubebeka, inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Nilipofungua kifuniko chake cha mbao, harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa akinisubiri: mafuta ya mashine yaliyozeeka, vumbi la pamba, mbao iliyoota jua miaka mingi. Kabla sijajaribu hata kama gurudumu linazunguka, kidole changu kilikuwa tayari kimeingia chini, pale kwenye kibamba cha chuma kinachoteleza, kinatafuta kile kijumba kinachobeba bobini. Kilikuwepo. Nikashusha pumzi.

"Kwani ulifikiri nimekila?" yule mama akaniuliza.

Ningeanzia wapi kumweleza? Wacha niwaambie nyinyi mliokua wakati ule ambapo kila mtaa ulikuwa na cherehani moja na kila mtoto alikatazwa kuigusa.

Yetu ilikuwa ya Ayeyo. Ayeyo ndivyo sisi tunavyomwita bibi. Babake alikuwa mmoja wa wale askari walioletwa na mkoloni kutoka mbali, vita vikaisha, wakaachwa hapa Isiolo na mbuzi wachache na asante kidogo. Cherehani ilikuwa nyeusi, na maua yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande mmoja, pale ambapo kiganja chake kilipumzika. Kifuniko chake cha mbao kilikuwa kimepinda juu kama mkate, na juu ya mgongo huo kulikuwa na mshikio. Mshikio ndio uliokuwa na maana, kwa sababu Ayeyo hakuwa na duka. Yeye ndiye alikuwa duka. Arusi ikiwa Biliqo, cherehani ilipandishwa kwenye lori la mifugo, ikakaa mapajani mwake, na mbuzi wakakaa popote walipopata. Alikaa kwa bibi arusi siku nne, akashona, akala, akasengenya, akarudi na habari za nchi nzima.

Nyumbani alishonea kwenye mkeka, mguu wa kushoto ameunyoosha, wa kulia ameukunja. Mtu mwingine huzungusha mpini kwa mkono wa kulia na kuongoza nguo kwa wa kushoto. Ayeyo aliitaka mikono yake yote miwili kwenye nguo, kwa hiyo mpini ulikuwa kazi yangu. Nilikuwa sijaanza hata shule vizuri lakini nilikuwa injini.

"Polepole," alikuwa akisema. "Hatukimbizi ngamia."

Nikizembea alisema, "Haya sasa, ngamia amelala."

Nilijua kasi ya pindo na kasi ya kona. Nilijua kusimama sindano ikiwa chini. Mchana wote nilikuwa wake, kwa maana Mama alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, na Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa vipindi kama mvua ya huku kwetu. Dunia yangu ilikuwa mkeka ule, sauti ile ya kakakaka, na harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na ubani wake.

Sasa siku moja Mama akarudi kutoka sokoni na bafta nyeupe, jora zima karibu, akamwekea Ayeyo mkekani bila kusema neno.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika. Mimi bafta niliijua. Nilikuwa nimeketi mara nyingi chini ya meza ya kibanda cha Mama, na nilijua wateja wa vitambaa walivyo. Wa arusi hupapasa, hulalamika, huenda, hurudi. Lakini alikuwepo mteja wa aina nyingine, mwanamume aliyekuja kwa haraka, hapapasi, haulizi rangi. Mama alimkatia bafta nyeupe na hakuzungumza naye bei. Wakati wa alasiri tulikuwa tunasikia ni nani amezikwa. Katika akili yangu nyeupe ile haikuwa na kazi nyingine duniani.

Ayeyo akaipima bafta mwilini mwake. Kuanzia begani mpaka kwenye kisigino.

Nilizungusha mpini siku hiyo kama mtu anayeteka maji ya kisima kilichokauka. Akashona mishono mirefu ya ubavuni. Akashona mikono. Akashona mifuko miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani kabisa, karibu na kifua, na mimi nikajiambia huo utakuwa wa tasbihi. Hata sikushangaa. Mtoto akishaamua jambo, kila kitu anachokiona kinakuwa shahidi wake.

Na mashahidi walikuja kwa wingi. Kesho yake Ayeyo alikwenda hospitali akarudi ameshika bega, anasema amechomwa sindano na mkono umekuwa mzito. Siku iliyofuata akamwita Mama Guyo, jirani yetu Mborana, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa mabega. Wakaketi kizingitini, mimi nyuma yao nikijifanya napepeta mchele.

"Mama Guyo," Ayeyo akasema, "nisamehe. Tumekaa ukuta mmoja miaka mingi. Kama nilikukosea kwa neno au kwa kitendo, nisamehe."

"Ile kuku yangu nyekundu," Mama Guyo akasema.

"Ilijileta yenyewe kwangu."

"Ilijileta mpaka ndani ya sufuria?"

"Mama Guyo, naomba msamaha na wewe unaniletea kuku."

Wakacheka, halafu Mama Guyo akaacha kucheka, akashika mkono wa Ayeyo kwa mikono yake miwili. "Nimekusamehe. Kuku na yote. Na wewe unisamehe." Nilipochungulia niliona wote wawili wanajipangusa macho kwa ncha za shuka.

Akaja mwingine, na mwingine. Mtaa mzima ulipita kizingitini petu kusameheana. Jioni, Mama akikuna nazi, nikamsikia Ayeyo akimwambia kwa sauti ya chini, "Nikikosa kurudi, hii cherehani ni ya huyu mtoto. Asiiguse mtu mwingine. Na usiseme kitu huko nje bado."

"Haya, Mama," Mama akamjibu, kama mtu aliyeambiwa afunge mlango.

Nililala nimekaza meno. Hakuna aliyeniambia chochote, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilihisi nikilitamka litakuwa kweli. Nikafanya ninachofanya mpaka leo ninapokabiliwa na jambo kubwa: nikakaa nyumbani nikatafuta kitu kidogo cha kushughulika nacho.

Kitu kidogo kilikuwa kile kijumba cha bobini. Kwenye cherehani ile kilikuwa kirefu, chembamba, kimechongoka upande mmoja kama kokwa ya tende, na ndani yake ndimo uzi wa chini unamokaa. Kikitoka, sindano inapanda na kushuka bure, inatoboa tu, haifungi mshono. Hesabu yangu ilikuwa hii. Malaika wa kutoa roho hawezi kumchukua mtu ambaye nguo yake haijaisha. Atakuja, atauliza, iko wapi? Ataambiwa bado shingo na pindo la chini. Basi ataona heri aende Kipsing kwanza amalize kazi za huko, na akirudi atakuta bado, na mwishowe atachoka. Watu wote niliowajua walikuwa wanachoka kungoja fundi.

Wakati Ayeyo anaswali adhuhuri, nikatelezesha kibamba, nikakitoa. Nikakizungushia kitambaa? Hapana, sikuwa na akili hiyo. Nikaenda nacho jikoni kikiwa hivyohivyo. Kulikuwa na mkebe wa nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vidogovidogo kama punje, ikakaushwa, ikakaangwa, ikamwagiwa samli mpaka ikazama. Mama alikuwa ameipika siku mbili kabla na kutuonya kwamba atakayeugusa atajuta. Kwa hiyo nilijua hapo hapaguswi. Samli ilikuwa imeganda nyeupe juu. Nikasukuma kijumba kwa kidole mpaka kikapotea, nikasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko, nikalamba kijiko, nikarudi kukaa kwenye mpini wangu kama injini yenye tabia njema.

Ayeyo akakunja msala, akaketi, akasema bismillahi. Nikazungusha. Sindano ikatoboa, uzi ukabaki juu unaning'inia kama ndevu za mzee.

"Simama," akasema. Akatelezesha kibamba. Akatazama ndani kwa muda. Akaingiza kidole. "Kiko wapi?"

"Nini?" nikauliza.

Tulitafuta siku mbili. Mkeka ulikung'utwa. Mchanga wa uani ulipepetwa kwa ungo, Mama upande huu, Mama Guyo upande ule. Mimi nilitafuta kuliko wote, nikatafuta mpaka ndani ya kiatu cha Baba, nikasifiwa. "Angalia huyu mtoto anavyojali," Mama Guyo akasema, na masikio yangu yakawaka moto. Ayeyo hakumshuku mtu. Alisema labda panya. Mama akamwambia ataazima cherehani kwa watu wa mtaa wa pili, Ayeyo akakataa. Alisema nguo hii ataishona kwa mkono wake.

Na ndivyo alivyofanya. Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta mkekani, bafta magotini, ameshika sindano ya kawaida. Nilisimama mlangoni. Katika mipango yangu yote sikuwa nimefikiria kwamba watu walishona kabla ya mashine.

Macho yake yaliona mbali, kitu cha karibu hayakukiona. Alilamba uzi, akakosa tundu, akalamba tena, akakosa. Kidole chake kilikuwa na kitone cha damu.

"Njoo unitilie uzi," akasema.

"Sitaki."

Sasa, neno "sitaki" lilikuwepo katika lugha yetu, tulilisikia kwa majirani, lakini hakuna aliyewahi kulitumia mbele ya Ayeyo. Akainua kichwa. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama mshono uliopinda, akitafuta ulikoanzia.

"Uko na nini wewe?"

"Sitaki umalize."

"Kwa nini nisimalize?"

Ndipo yote yakatoka, pamoja na kamasi. Kwamba sitaki afe. Kwamba nimeona bafta. Kwamba amechomwa sindano, na watu wanakuja kumuaga, na kuku wa Mama Guyo amesamehewa, na cherehani nimeachiwa mimi na siitaki, ampe mtu mwingine, mimi nataka yeye. Nilisema na mambo mengine ambayo hayakuhusika, nikakiri hata sukari niliyoilamba kwa siri.

Ayeyo aliweka sindano chini. Aliinamisha kichwa, nikaogopa nimemuua palepale. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, akiwa ameziba mdomo kwa bafta, kisha kwa sauti, mpaka Mama Guyo akaita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Abayo, dadangu, kuna nini huko?"

"Njoo usikie," Ayeyo akamwambia. "Nimefariki na hamkunijulisha."

Lakini aliponivuta karibu hakuwa anacheka. Alinikalisha juu ya bafta yenyewe.

"Sikiza," akasema. "Sanda haishonwi na mashine. Hakuna mtu anashona sanda hivi. Inakatwa, mtu anazungushiwa, inafungwa na kipande cha nguo hiyohiyo. Haina mkono, haina shingo, haina pindo. Sasa weka mkono hapa." Akaingiza mkono wangu katika ule mfuko wa ndani, wa kifuani. "Hii ni nini?"

"Mfuko."

"Maiti iko na kazi gani na mfuko?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko ule hadi kwenye kifundo, na upande wa pili wa kitambaa nilikuwa nasikia kifua chake kikipanda na kushuka.

"Hapo ni pa kuweka pasipoti," akasema. "Naenda Makka. Naenda kuhiji."

Mama Guyo alikuwa ameshafika, ameegemea mlango. Yeye ndiye aliyenieleza yaliyobaki, kwa sababu Ayeyo aliona haya. Miaka michache nyuma, mimi nikiwa bado mgongoni, Ayeyo aliwahi kuaga mji mzima kwa safari hiyohiyo. Akapikiwa, akaombewa dua, akasindikizwa mpaka barabarani kwa vigelegele. Alipofika Nanyuki akapata habari pasipoti haijatoka, akarudi jioni ileile na begi lake. "Tulimwita Hajia wa Nanyuki mpaka tukachoka," Mama Guyo akasema. "Ndiyo maana safari hii ameomba msamaha tu, kama mtu anayekwenda kuhiji anavyotakiwa, na akatukataza kupiga domo."

"Na sindano?"

"Kila hujaji anachomwa. Ya magonjwa ya huko."

Niwaambie ukweli, nimefurahi mara kadhaa katika maisha haya. Nilifaulu mtihani mpaka mwalimu akashangaa kuliko mimi. Niliolewa na mtu niliyemtaka. Lakini wepesi kama ule sijaupata tena. Nilihisi mabega yangu yanashuka kutoka masikioni, ambako nadhani yalikuwa yamekaa wiki nzima. Nikapata njaa. Nikapata hata usingizi.

"Sasa," Ayeyo akasema, "kijumba changu kiko wapi?"

Nikawapeleka jikoni. Nikaonyesha mkebe. Mama Guyo akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, mabega yanaruka. Ule mkebe ulikuwa chakula cha Ayeyo cha safari.

Ayeyo alikunja mkono wa gauni, akatia vidole, akakoroga nyirinyiri kama anayetafuta pete. Alikitoa kiking'aa samli, na punje mbili za nyama zimeshika ncha. Akakinyanyua kwenye mwanga.

"Ungeniacha niende na hii mpaka uwanja wa ndege," akasema. "Askari anauliza, Mama, ndani ya nyama kuna chuma gani. Namwambia nini?"

"Mwambie ni mfupa," Mama Guyo akasema.

Walikifuta, wakakipaka mafuta yake halali, lakini cherehani ilinuka nyama muda mrefu, na paka wa Mama Guyo akahamia mkekani kwetu. Mchana huohuo tukamalizia shingo na pindo. Nilizungusha mpini kwa kasi ambayo sikuwahi kuitumia, na Ayeyo hakunikumbusha habari za ngamia hata mara moja.

Siku ya kuondoka alivaa gauni lile. Angekutana na ndugu yake Nairobi waende pamoja. Alipokuwa tayari mlangoni, begi mkononi, akageuka akachutama mbele yangu, na magoti yake yakalia.

"Nimeomba msamaha mji mzima," akasema. "Wewe bado. Kama nilikukosea, nisamehe."

Mama aliniangalia. Mama Guyo aliniangalia. Kila mtu alijua jibu ni lipi, hata mimi.

"Nitakusamehe ukirudi," nikasema.

Mama akashtuka, akaanza kunikemea. Ayeyo akainua kidole kumnyamazisha. Alinitazama kwa muda, na nikaona amenielewa vizuri kuliko nilivyojielewa. Hakuniahidi kwamba atarudi. Watu wetu hawaahidi jambo hilo. Alisema tu, "Haya. Hilo ni deni," akaondoka.

Wiki zile nilikuwa nafuta vumbi kwenye cherehani kila asubuhi na sikuizungusha. Nilisikia watu wakisema kule kuna joto, kuna msongamano, wazee huanguka. Nilijiambia mtu hawezi kufa huku anadaiwa msamaha na mtoto. Bado nilikuwa nafanya hesabu za malaika, mnaona, sema tu nilikuwa nimebadilisha kifaa.

Alirudi kabla ya adhuhuri, siku ya jua kali. Vigelegele vilianzia barabarani vikaja na mtaa wote nyuma yake, wanawake wamembebea begi, wanamwita Hajia, kila mmoja anataka kushika mkono wake na kupewa tende. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi. Hakusimama kwa mtu yeyote. Alipita katikati yao mpaka uani, akanikuta nimejibanza kwenye nguzo ya jikoni, akasimama mbele yangu.

"Salaam aleikum. Nimerudi," akasema. "Sema."

"Nimekusamehe."

"Sikusikii."

"Nimekusamehe, Ayeyo."

"Alhamdulillahi," akasema, akaketi chini palepale kwenye mchanga na gauni lake jeupe, akanivuta mapajani, na wale wote waliokuja kumpokea ikabidi wangoje.